Saa Inayosema Jana

Juzi nilikuwa nimekaa mezani najaza fomu ya shule ya binti yangu. Nilipofika mahali pa tarehe nikatazama mkononi, nikaongeza moja kichwani, nikaandika. Sasa binti yangu ana macho ya kunguru. Aliinama akasoma uso wa saa, akasoma nilichoandika, akaniangalia.

"Mama, saa yako inasema jana. Kwani ilisimama?"

Nikamwambia aende jikoni akaangalie maharage yasije yakaungua. Maharage yenyewe yalikuwa hayajabandikwa. Alisimama pale mlangoni akinishangaa, na mimi nikajifanya nasoma fomu, mtu mzima na nywele zangu za mvi, nimetoroka swali la mtoto wa darasa la sita.

Mkanda wa saa hiyo ni wa ngozi, na umeshabadilishwa mara nyingi, lakini pua yangu haikubali. Kila nikiufunga nasikia vitunguu, samli na moshi wa kuni, harufu ya mkono wa baba yangu. Nyumbani tulimwita Tata, kama Wakurya wote wanavyowaita baba zao. Nimebeba jambo lake muda mrefu mno. Wenzangu wa umri huu, ambao nao wazazi wameanza kuwaondokea mmoja mmoja, mtanielewa kwa nini nalitua leo.

Nianze na uzuri wake, maana ni saa nzuri na naipenda, na kupenda huko ni sehemu ya aibu yangu. Haina betri. Kila asubuhi kabla ya chai nakishika kitufe chake cha pembeni kwa vidole viwili, nakizungusha mara ishirini, na saa inanijibu kwa kukwaruza kidogo kwenye ncha za vidole. Ukiigeuza, mgongo wake ni kioo, unaona magurudumu madogo kuliko punje ya ulezi yakifanya kazi bila kuhimizwa. Usoni ina miduara minne midogo: mmoja wa siku, mmoja wa tarehe, mmoja wa miezi, na mmoja wenye mwezi wa dhahabu unaojificha na kutokea kama ule wa juu. Inajua kwamba Juni ina siku thelathini na Julai ina thelathini na moja. Inajua Februari. Inajua hata mwaka mrefu ukifika, na hakuna mtu aliyeiambia. Nasikia leo watu wa mijini wanazinunua saa za namna hii kwa thamani ya boma zima la ng'ombe. Tata hakujua hilo, na angejua asingelala.

Tata alikuwa mpishi katika kambi moja ya watalii karibu na lango la Ikoma, na sisi tulikaa Mbalibali. Alipewa saa ile na mgeni mmoja mzee aliyekuja kambini kila msimu wa nyumbu. Msimu mmoja mgeni yule aliugua tumbo, hakuna chakula kilichokaa, na Tata akampikia uji wa ulezi siku nane mfululizo, akikaa pembeni mpaka kikombe kiishe. Siku ya kuondoka yule mzee aliivua mkononi akamvalisha yeye.

Tata alirudi nyumbani na baiskeli akiwa amekunja mkono wa shati upande mmoja tu. Kuanzia hapo hapakuwa na amani ya tarehe Mbalibali. Ukimsalimu, unajibiwa na tarehe. Ukimpa pole ya kazi, unaambiwa mwezi una siku ngapi zimebaki. Watu walianza kuja wenyewe: mama wa kliniki, mzee anayengoja mnada, mwalimu wa kwaya. Tata alikuwa anaunyoosha mkono taratibu, anakunja uso kama daktari, ndipo anatamka.

Mzee Chacha, jirani yetu, ndiye pekee aliyemtania, akimwita mura, yaani kijana. "Mura, mshale uko kwenye nane, wewe unatuambia saa mbili. Kati yako na huyo Mzungu wako, mwongo ni nani?"

"Tarehe haina Mzungu wala Mkurya," Tata anamjibu. "Kwenye tarehe, hii haikosei."

Asubuhi moja ya kwanza ya Machi alitupanga wote uani kama askari, akatuonyesha. Jana ilikuwa ishirini na nane, na leo saa imeruka yenyewe mpaka moja. "Imejua," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimesahau, yenyewe imejua."

Nilikuwa na miaka tisa, na neno lile liliniingia. Nikaamini kwamba ndani ya saa kuna akili inayozijua siku zote, zilizopita na zijazo, kama mtu mzima anavyojua njia ya kwao. Kumbe yule mgeni alikuwa amemwambia Tata na jambo la pili: isiachwe isimame, kwa sababu ikisimama haijui imelala siku ngapi. Hilo Tata hakutuambia. Labda aliona linapunguza utamu wa hadithi.

Sasa nimlete bibi yangu, mama yake Tata. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alianza kupoteza nuru kabla sijazaliwa, na nilipozaliwa alikuwa ameshabakiwa na mwanga na kivuli tu. Mama akienda shambani mimi nilibaki kwa Bibi, kwa hiyo nililelewa na vidole. Alinijua kwa kikohozi, kwa kukanyaga, kwa kunipapasa paji la uso. Mimi nilikuwa macho yake. Nilimwambia nani anapita, ng'ombe gani anachechemea, na saa ilipokuja nilimsomea mwezi wa dhahabu mchana kweupe. "Leo umebaki kipande," namwambia. Anacheka, "Mwezi mchana! Mmeufunga kamba nini?"

Mwaka ule, mwishoni mwa Novemba, muuguzi wa zahanati alipita akiwaandikisha wazee wasioona. Madaktari wa macho wangekuja hospitalini Mugumu tarehe kumi na saba Desemba, siku moja tu, kisha wanaendelea mkoa mwingine. Bibi akaandikwa. Tangu hapo hakuzungumza jambo jingine.

"Wakinifungua nitaanza na wewe, Boke," aliniambia. "Hawa wengine nawajua walivyokuwa. Wewe tu sijakuona."

Desemba ile ilikuwa pia msimu wa jando. Aliyekulia kwetu anajua maana yake. Shule zimefungwa, hakuna Jumatatu wala Alhamisi, kuna filimbi tu, njuga, matawi ya miti, na makundi ya watu yakiwasindikiza vijana kutoka boma hadi boma. Tata alikuwa likizo, na kaka yake wa Tarime alikuwa anatahirisha watoto wawili, ikabidi aende. Kwenye vurugu ile, kwa fimbo na ngoma zile, hakuthubutu kwenda na saa. Aliivua, akaiweka ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati, akaniita mimi. Hakumwita kaka yangu, hakumwita Mama.

"Boke, hii isilale njaa. Kila asubuhi mizunguko ishirini. Bibi yako anategemea tarehe hii."

"Ndiyo, Tata."

Siku tatu nililisha saa kama ndama aliyefiwa na mama. Nilimpelekea Bibi aisikilize sikioni, nikamsomea tarehe, naye akahesabu kwa vidole zilizobaki. Asubuhi ya tarehe kumi na mbili nikiwa katikati ya kuizungusha, filimbi zikasikika barabarani. Kundi la shangazi yangu lilikuwa linapita, na mtoto wake wa kiume yuko mbele. Nilizungusha mara sita, au saba. Nikairudisha kwenye kopo, nikatoka mbio.

Sikurudi siku ile. Nililala kwa shangazi, nikala nyama mpaka tumbo likauma, nikacheza mpaka miguu ikajaa vumbi hadi magotini, na kesho yake vilevile. Sikuikumbuka saa hata mara moja. Ningependa kusema niliikumbuka nikapuuza, ingekuwa nafuu, lakini sikuikumbuka.

Niliirudia tarehe kumi na nne, jua likiwa la saa nne na nusu hivi. Nilifungua kopo nikaona kimya. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikinyamaza. Mishale ilikuwa imesimama kwenye saa nne kamili, na hapo ndipo bahati mbaya ilipovaa nguo za bahati njema: ilikuwa imelala siku nzima na kuamkia karibu saa ileile. Nikaitia ufunguo mara ishirini, nikasogeza mshale nusu saa, ikaanza kutembea. Mduara wa tarehe ulionyesha kumi na tatu.

Niliutazama muda mrefu. Nilijua nimelala kwa shangazi mara mbili. Lakini nikajiambia, hii ni saa iliyojua Februari. Mtu akilala mchana akaamka, si anauliza kidogo halafu anajua ni lini? Nikaipa nafasi ijikumbuke. Nikaifunga kwenye kopo nikaenda kuchota maji, na jioni bado ilikuwa kumi na tatu, na kesho yake ikasema kumi na nne. Nikaona basi, ndivyo inavyojua yenyewe.

Siku hiyohiyo Tata alirudi, uso umevimba kwa usingizi na pombe ya mtama ya kwa kaka yake. Alioga, akaivaa saa, akakaa uani na Mzee Chacha. Mimi nilikuwa pembeni namenya karanga.

"Kumi na nne," Tata akasema. "Tunazo kesho na keshokutwa za kujiandaa. Asubuhi ya kumi na saba tunaondoka na mama."

Mzee Chacha akakuna kidevu. "Mura, leo si kumi na tano?"

"Kumi na nne."

"Mimi nimehesabu tangu Jumapili."

"Na pombe ulihesabu pia?" Wakacheka wote wawili. Lakini Tata aliona mwenzake hajaridhika, na yeye mwenyewe, nadhani, moyo ulimgusa. Akanigeukia. "Muulize mlinzi wake. Boke, saa ilisimama?"

Lilikuwa swali la kawaida, limeulizwa kwa sauti ya kawaida. Angeniuliza kwa ukali labda ningelia nikasema. Aliniuliza kama mtu anayemuuliza mtu mzima mwenzake mbele ya jirani, akiwa na uhakika wa jibu, na kwenye uso wake kulikuwa na fahari, si ya saa, ya mimi. Mlangoni Bibi alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza.

"Haikusimama, Tata."

"Umesikia?" akamwambia Mzee Chacha. Yule mzee akainua mikono juu, akakubali kushindwa, wakaendelea na habari za Tarime. Nikaendelea kumenya karanga. Nakumbuka nilizitupa punje kwenye maganda na maganda nikayaweka kwenye bakuli.

Saa iliposema kumi na saba, tuliondoka alfajiri. Bibi alivaa kitenge chake cha kijani alichokitunza kwa ajili ya harusi, akakalishwa nyuma ya baiskeli juu ya gunia lililokunjwa, na mapajani akampakata kuku mweupe, miguu imefungwa, zawadi ya daktari. Tata alisukuma. Mimi nilitembea upande wa Bibi nikishika goti lake ili asiyumbe. Njia nzima alikuwa anaongea. Angemwona nani pili, nani tatu. Angetazama mbuzi wake, maana alikuwa na shaka kwamba Mama anamwambia ni saba wakati ni sita. Alinipapasa uso, akasema, "Nina wasiwasi una pua ya upande wa mama yako." Tata akacheka hadi baiskeli ikayumba. Sikumbuki kama nilicheka.

Tulipofika hospitalini, mabenchi yalikuwa matupu. Chini kulikuwa na vipande vya pamba na gundi ya bandeji. Dada mmoja alikuwa anafagia.

"Shikamoo bibi. Mmekuja kumwona mgonjwa?"

"Tumekuja kwa madaktari wa macho," Tata akasema.

Yule dada akasimamisha ufagio. "Wa macho walikuwa jana, baba. Wamefanya watu mpaka jioni. Leo asubuhi na mapema wameondoka."

"Jana? Leo si kumi na saba?"

"Leo kumi na nane."

Tata aliinua mkono wake, lakini hakuitazama saa. Aliiweka sikioni. Ilikuwa inatembea vizuri kabisa. Halafu akanigeukia, akaniangalia, na mimi nikamwangalia kuku. Nilihesabu kucha zake. Nilisubiri kofi, na kama lingekuja nadhani ningekuwa mtu mwingine leo.

"Wanasemaje?" Bibi akauliza, ingawa masikio yake yalikuwa mazima kuliko yetu wote.

"Nimekosea tarehe, mama," Tata akasema. "Ni mimi."

Bibi akampapasa kuku mgongoni. "Basi turudi kabla jua halijakuwa kali," akasema. "Kuku huyu amechoka."

Tulirudi naye yule kuku. Bibi hakukubali achinjwe. Alisema ni wa daktari, akaishi pale nyumbani akitaga, na kila nilipookota mayai yake nilijihisi mwizi.

Kijijini Tata aliwaambia wote neno lilelile, nilikosea mimi. Mzee Chacha alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, akakaa, hakutania. Tata aliendelea kuivaa saa, lakini kazi ya kuilisha aliichukua mwenyewe, na aliyekuja kumuuliza tarehe alimwelekeza dukani, kuna kalenda ukutani. Hakuniuliza tena. Sikusema. Mimi nami tangu siku ile sikuutazama uso wa saa ile. Akiwa amekaa kulia kwangu, nilitazama kushoto.

Madaktari walirudi mwaka wa pili wake, baada ya masika. Bibi tulikuwa tumeshamzika wakati wa mvua zilezile. Siku za mwisho aliuliza mara nyingi kama kumekucha, na alikuwa anaweka vidole usoni kwangu, kwenye pua, polepole. Alikufa hajaniona.

Nafasi za kusema nilizipata, msidhani sikuzipata. Tata alinisindikiza shule ya bweni, tukatembea kwa saa tatu, wawili tu. Nilipoolewa Tarime alinishika mkono. Nilipompelekea binti yangu akiwa mchanga, alimpakata, mtoto akaushika mkanda wa saa, na Tata bila kuinua kichwa akaniuliza, "Boke, una neno lolote la kuniambia?"

"Hapana, Tata. Ni uchovu wa safari."

"Haya," akasema.

Tulimzika mwaka jana. Siku ya kugawa vitu, kaka yangu alinipa saa, akasema mzee ameagiza iwe yangu. Ilikuwa imesimama, kwa kuwa siku zile za msiba hakuna aliyeilisha. Nikaipeleka Mugumu kwa fundi Shabani, mzee wa kofia nyeupe mwenye kimeza chake pembeni ya msikiti, ambaye Tata alimwamini miaka yote. Aliipokea kwa mikono miwili, akanipa pole, akaifungua, akaisafisha taratibu huku akiniambia habari za mzee wangu, jinsi alivyokuwa anakaa palepale nilipokaa na kukataa soda.

Alipomaliza akashika kisindano chake juu ya mduara wa tarehe, akaniangalia.

"Niweke ya leo, au ya jana?"

Sikumwelewa.

"Mzee alikuwa anataka iwe nyuma siku moja," akasema. "Kila nikiisafisha, ananiambia iweke jana yake. Miaka yote, tangu nikiwa kijana. Nikadhani ni mila yenu Wakurya. Siku moja nikamuuliza. Akasema nyumbani kwake kuna mtu amebaki nyuma siku moja, na yeye hapendi kumwacha peke yake."

Fundi alikuwa anangoja na kisindano hewani. Nilimwambia aweke ya jana. Aliinamisha kichwa akafanya. Tata alijua. Alijua tangu pale kwenye mabenchi, na kwa maisha yake yote alikaa na siku ile mkononi, mahali ambapo ningeweza kuiona wakati wowote kama ningegeuza shingo tu.

Na bado juzi mtoto ananiuliza, na mimi namtuma kwenye maharage.

Jioni ile maharage yalipoiva kweli nilimwita. Alikuwa ameshasahau, alikuja na daftari mkononi akidhani ni habari ya fomu. Niliifungua saa nikaiweka mezani kati yetu.

"Uliniuliza kama ilisimama," nikasema.

"Eeh. Ilisimama?"

Ilikuwa kama vile Mzee Chacha amekaa pale, na Bibi yuko mlangoni ameinamisha kichwa.

"Ilisimama," nikamwambia. "Ilisimama, na mimi nilijua."